Sauti ya Bibi Haijafa: Kwa Nini Nyimbo Fulani za Karaoke za Kijapani Ni Rahisi kwa Wazee

Vuta picha. Ni saa nane mchana katika kituo kimoja cha kutunzia wazee huko Japani. Bibi wa miaka 79 anakabidhiwa maikrofoni, wenzake wanapiga makofi, na wimbo alioupenda tangu ujana unaanza. Ubeti wa kwanza unapita vizuri. Kiitikio kinapoanza kupanda, sauti inakwaruza, inakatika, na pumzi inaisha kabla ya mstari kuisha. Bibi anacheka kidogo, anarudisha maikrofoni, anasema, "Sauti yangu imeshakufa." Wiki inayofuata akiitwa, anatikisa kichwa.

Swali letu la leo ni hili: je, ni kweli sauti imekufa? Au alipewa wimbo usiomfaa?

Inaonekana ni swali dogo, la burudani tu. Lakini Japani ni nchi ambayo karibu watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 na kuendelea, na karaoke ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo mzee anaweza kufanya akiwa ameketi, akiwa na wenzake, akitumia mapafu, koo na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Akiacha kuimba kwa sababu ya aibu, anapoteza zaidi ya wimbo. Basi tuone sayansi inasemaje kuhusu wimbo "rahisi", maana urahisi huo unaweza kupimwa.

Mashine iliyozaliwa kumsaidia asiyejua kuimba

Kwanza historia kidogo. Neno karaoke limeunganishwa na *kara*, yaani tupu, na *oke*, kifupisho cha *okesutora*, yaani okestra. Okestra tupu: muziki upo, mwimbaji hayupo. Mwimbaji ni wewe.

Watu kadhaa walibuni mashine za namna hii kwa nyakati zinazokaribiana. Negishi Shigeichi alitengeneza yake Tokyo mwaka 1967. Inoue Daisuke, mwanamuziki wa baa mjini Kobe, alileta ya kwake mwaka 1971. Kisa cha Inoue ndicho kinachotuhusu. Alikuwa na mteja, mkuu wa kampuni, ambaye hakuwa mwimbaji hodari, na Inoue alizoea kumpigia muziki kwa kufuata uwezo wake. Mteja huyo alipotaka kusafiri naye ili ampigie huko, Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda. Wazo la mashine likatokea hapo. Hakuwahi kuiwekea hataza, lakini mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Ig Nobel ya Amani kwa kuwafundisha watu njia mpya ya kuvumiliana.

Umeona? Tangu mwanzo karaoke haikuwa shindano la kumfikia msanii aliyerekodi. Ilikuwa muziki unaomfuata mwimbaji, si mwimbaji anayeufuata muziki. Shika wazo hilo, tutalirudia.

Sauti inapozeeka, nini kinabadilika?

Sauti yako inatengenezwa na vitu vitatu: pumzi kutoka mapafuni, nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto (kile kisanduku cha shingoni kinachopanda ukimeza mate), na nafasi ya koo na mdomo inayoipa sauti umbo lake. Uzee unagusa vyote vitatu.

Mapafu: kuanzia utu uzima, kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa kwa nguvu ndani ya sekunde moja hupungua taratibu, kwa wastani kama mililita 20 hadi 30 kila mwaka. Ndani ya miaka 40 hiyo ni karibu lita nzima. Kifua nacho huwa kigumu zaidi kupanuka.

Nyuzi za sauti: msuli ulio ndani yake hupungua unene, na tabaka laini la juu hupoteza unyumbufu. Matokeo yake, nyuzi hizo hazifungi sawasawa, hubaki na mwanya katikati. Hewa inavuja. Ndiyo maana sauti za wazee wengi husikika zikiwa na pumzi ndani yake. Gegedu za zoloto nazo huanza kuwa ngumu kama mfupa, kwa hiyo kuzivuta nyuzi ili kutoa noti ya juu kunahitaji kazi kubwa zaidi. Wataalamu huita hali hii presbifonia, yaani uzee wa sauti.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wanaume na wanawake huzeeka kisauti kwa njia tofauti. Mwanamume mtu mzima huongea kwa mitetemo kama 100 hadi 130 kwa sekunde, na mwanamke kama 200. Baada ya kukoma hedhi, homoni zikibadilika, sauti ya mwanamke hushuka. Sauti ya mwanamume, kwa kuwa nyuzi zake zimekonda, huelekea kupanda kidogo uzeeni. Kumbe babu na bibi kisauti wanasogeleana!

Hapo ndipo tatizo la bibi yetu linapoanza. Wimbo ulioimbwa na msanii wa kike wa miaka 25 sasa uko juu mno kwake. Akijaribu ule wa msanii wa kiume, unaweza kuwa chini mno. Amekwama katikati, na mashine inasoma tu kile ilichowekewa.

Hesabu ya pumzi: polepole si lazima iwe rahisi

Watu wengi hudhani wimbo wa mzee lazima uwe wa polepole. Tupige hesabu.

Chukua mstari wa wimbo wenye mapigo 8. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mstari huo ni sekunde 4. Kwa mwendo wa 80, ni sekunde 6. Kwa mwendo wa 60, ni sekunde 8. Kadiri wimbo unavyokwenda polepole, ndivyo unavyolazimika kushikilia pumzi moja kwa muda mrefu.

Sasa tuongeze hewa kwenye hesabu. Mtu anapotoa sauti, hutumia kama mililita 100 hadi 200 za hewa kwa sekunde. Tuseme kijana ana lita 2 za kutumia na anatumia mililita 150 kwa sekunde: anapata sekunde 13 hivi. Mzee wetu wa mfano ana lita 1.5, na kwa sababu ya ule mwanya unaovuja anatumia mililita 300 kwa sekunde. Anapata sekunde 5. Tano tu!

Namba hizi ni za mfano, kila mtu ana zake, lakini linganisha na hesabu ya juu. Mstari wa sekunde 4 anaumaliza. Wa sekunde 6 unamshinda mwishoni. Wa sekunde 8 haufiki kabisa. Kwa hiyo kitu cha kuangalia si mwendo peke yake. Angalia umbali kati ya pumzi moja na nyingine. Wimbo mzuri kwa mzee ni ule wenye mistari mifupi, iliyokatwa na vituo, kwa mwendo wa mtu anayetembea, si wa anayekimbia wala anayenyata.

Noti tano na siri ya "kuruka fa na ti"

Kama umewahi kuimba kwaya kwa nota za do-re-mi, sehemu hii itakuwa rahisi kwako.

Nyimbo nyingi maarufu za Japani za karne ya 20 zimejengwa kwa mpangilio unaoitwa *yonanuki*. Kwa hesabu ya zamani ya Kijapani, *yo* ni nne na *na* ni saba, na *nuki* ni kutoa. Yaani toa noti ya nne na ya saba. Kwenye do-re-mi, ya nne ni fa na ya saba ni ti. Zinabaki tano: do, re, mi, so, la.

Kuna faida gani? Katika ngazi ya kawaida, hatua mbili ni nyembamba kuliko nyingine: mi kwenda fa, na ti kwenda do. Hizo ni nusu-toni. Ukikosea kidogo hapo, kila mtu anasikia. Ukitoa fa na ti, hatua zote nyembamba zinaondoka, na kila noti inakuwa na nafasi pande zote mbili. Sauti ya uzeeni mara nyingi hutikisika, mtetemo wake ukiwa mpana na wa polepole. Katika noti tano, mtikisiko huo una pa kupumulia.

Lakini tahadhari. Kuna yonanuki ya huzuni, yenye noti la, ti, do, mi, fa, na hiyo imebaki na nusu-toni zake zote mbili. Nyimbo nyingi za *enka*, zile za mapenzi yaliyovunjika na bandari za usiku, hutumia mpangilio huo, tena zikipambwa na *kobushi*, ile mikunjo ya haraka ya sauti ndani ya silabi moja. Wazee wanazipenda sana, na ni haki yao. Ila zisiitwe rahisi. Ushauri wa bure: imba enka bila mikunjo kwanza. Wimbo hauvunjiki.

Silabi moja, noti moja

Hapa sisi Waswahili tuna bahati. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, zinazofanana sana na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana unasoma "karaoke" na "Yokohama" bila kufundishwa.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Katika Kijapani, sauti "n" mwishoni mwa silabi huhesabiwa kama pigo zima: neno *hon*, kitabu, ni mapigo mawili, ho-n. Wageni wengi hushindwa kulielewa hili. Wewe hutashindwa, kwa sababu unasema "m-tu" na "n-chi", na ile "m" au "n" inasimama peke yake bila irabu yoyote. Mwimbe mtu neno "mtu" kwa noti mbili, utaona.

Kwa mwimbaji mzee hii ina maana gani? Katika nyimbo za zamani za Kijapani, kwa kawaida pigo moja la lugha hupewa noti moja. Maneno hayasongamani. Tena irabu zikiwa nyingi mdomo unakaa wazi na nyuzi zinatetema bila kukatizwa na rundo la konsonanti. Nyimbo za vijana za miaka ya karibuni mara nyingi hubana silabi nyingi ndani ya pigo moja na kuruka kwenda sauti ya juu ghafla. Mzee akiziona kwenye skrini, maneno yanapita kabla macho hayajafika.

Nyimbo tano kwenye mizani

Sasa tupime nyimbo halisi. Vipimo vyetu ni vinne: upana kutoka noti ya chini hadi ya juu, urefu wa mstari, aina ya noti, na kumbukumbu.

*Furusato* ("Kwetu"), ya mwaka 1914, ni wimbo wa shule ulioandikwa na Takano Tatsuyuki na kutungiwa muziki na Okano Teiichi. Mapigo yake ni matatu-matatu, mistari yake iko sawasawa, na kila mstari una mahali pa asili pa kuvutia pumzi katikati. Kwa mwendo wa 80, nusu mstari wa mapigo 6 ni sekunde 4.5. Mzee wetu wa mfano anaimudu! Haina noti tano tu, lakini hatua zake ni ndogo, na vizazi vyote vimeujua tangu shule. Anza hapa.

*Kitaguni no Haru* (jina lake lamaanisha "Majira ya kuchipua katika nchi ya kaskazini"), iliyoimbwa na Sen Masao mwaka 1977, muziki wa Endo Minoru. Ni yonanuki ya furaha, maneno yametulia, mwendo wa kutembea. Umeenea Asia nzima kwa lugha nyingine, na si ajabu: ni wimbo unaokamatika haraka. Angalia tu noti za juu, na ushushe do ikibidi.

*Ue o Muite Arukō*, wa Sakamoto Kyū, wa mwaka 1961, uliofika namba moja Marekani mwaka 1963 kwa jina la "Sukiyaki". Mistari mifupi, vituo vingi, na kuna sehemu ya mluzi, ambayo kwa mzee ni mapumziko ya koo. Ugumu wake: Sakamoto alikuwa akiirusha sauti kwenda juu kwa mchezo. Usimwige. Imba noti ilivyo.

*Akatombo* ("Kereng'ende mwekundu"), muziki wa Yamada Kōsaku, wa mwaka 1927. Huu ni mtego! Ni mfupi, wa polepole, una noti tano tu, kila mtu anaujua. Lakini upana wake ni kutoka so ya chini hadi do ya juu, yaani oktavu moja na nusu hivi, na sauti inaipanda ngazi hiyo karibu yote ndani ya mstari wa kwanza. Wazee wengi wasiofunzwa kuimba huwa na eneo la starehe la oktavu moja na kidogo. Ukiupenda, uimbwe kwa kundi, kila mtu akamate sehemu anayoiweza.

*Kawa no Nagare no Yō ni* ("Kama mtiririko wa mto"), wa Misora Hibari, uliotoka Januari 1989, miezi michache kabla hajafariki mwezi Juni akiwa na miaka 52. Wazee wanaupenda kuliko maelezo. Ubeti unaanza chini, kiitikio kinapaa na kushikilia noti ndefu. Kwa vipimo vyetu ni mgumu. Lakini tusiufute, maana kipimo cha nne bado hatujakisema.

Kipimo hicho ni kumbukumbu. Watafiti wa saikolojia wameona mara nyingi kwamba watu hukumbuka zaidi muziki wa ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30. Mtu aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 16 Sakamoto alipotoa wimbo wake, na 32 wakati wa Sen Masao. Wimbo anaoujua kwa moyo haumlazimishi kusoma skrini, kusikiliza muziki na kuongoza pumzi kwa pamoja. Akili inabaki na nafasi ya kushughulikia pumzi. Ndiyo maana orodha ya "nyimbo rahisi" ya mzee wa miaka 90 haiwezi kuwa ileile ya mzee wa miaka 68.

Kitufe ambacho watu wanakiogopa

Turudi kwa Inoue na muziki unaomfuata mwimbaji. Mashine za leo zina kitufe cha kupandisha na kushusha do. Tangu mwaka 1992 karaoke za Japani zilianza kupokea nyimbo kupitia laini ya simu, si kama sauti iliyorekodiwa bali kama maelekezo: piga noti hii, kwa muda huu. Kushusha wimbo hapo ni kutoa namba tu. Mwendo haubadiliki.

Kila nusu-toni ukishuka, mitetemo hupungua kwa karibu asilimia 6. Noti ya juu yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ukishusha hatua 3, inakuwa 370. Ukishusha 5, inakuwa 330. Kwa nyuzi ngumu za miaka 79, tofauti hiyo ni kama kupanda ngazi au kutembea tambarare.

Jaribu hivi ukiwa na mzee wako. Mwambie aguune noti ya chini kabisa anayoitoa bila kukwaruza, kisha ya juu kabisa bila kukaza shingo. Zitafute kwenye kinanda cha simu. Punguza mbili kila upande. Hilo ndilo eneo lake la starehe. Kisha shusha wimbo mpaka noti yake ya juu iingie humo. Zikiwa zimebaki noti mbili za chini hazitoki, si neno: noti ya chini iliyofifia haimuumizi mtu, ya juu iliyolazimishwa inaumiza. Punguza pia sauti ya muziki, kwa sababu masikio yaliyozeeka hupata shida kutenganisha sauti na kelele, na mtu asiyejisikia hupiga kelele.

Kwa nini haya yana uzito

Zoloto haikuumbwa kwa ajili ya karaoke. Kazi yake ya kwanza ni ulinzi: unapomeza, inapanda na nyuzi za sauti zinajifunga ili chakula kisiingie mapafuni. Misuli hiyo ikidhoofika, mzee hupaliwa mara kwa mara, na nimonia inayotokana na kupaliwa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazee Japani. Kuimba hutumia baadhi ya misuli hiyohiyo, pamoja na ile ya pumzi. Ndiyo maana vituo vingi vya wazee huko vimeingiza kuimba katika ratiba, sambamba na mazoezi ya mdomo na ulimi kabla ya chakula.

Tusizidishe chumvi: karaoke si dawa, wala haichukui nafasi ya mtaalamu wa kumeza. Mzee anayepaliwa mara kwa mara, au aliyekwaruza sauti kwa zaidi ya wiki tatu, apelekwe kwa daktari. Lakini msuli usiotumika hunyauka, na mtu anayerudisha maikrofoni kwa aibu hatautumia.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Aliupenda wimbo wa Misora Hibari. Kwa vipimo vyetu ni mgumu, lakini anaujua neno kwa neno. Basi aketi wima, anywe maji kidogo. Shusha do hatua nne. Ubeti aimbe yeye, kiitikio waingie wote, na yeye avute pumzi popote anapotaka, kwa sababu wenzake watamshikia noti mpaka arudi.

Sauti haijafa. Ni kitufe tu kilikuwa hakijabonyezwa.